Programu Iliyoshindwa Dirishani

Ruweyda abaayo, dada yangu, uko wapi? Nimejiaibisha mbele ya klabu nzima ya chesi, hata kukaa chini siwezi.

Si nilikuambia nataka kujua kati ya zile programu mbili za bure ipi ina nguvu, watoto waitumie kwa mazoezi kabla ya mashindano ya Wajir? Leo nimezipambanisha. Moja kwenye simu yangu mezani, nyingine kwenye simu ya mwenzangu Mwalimu Hamze pale dirishani. Ya dirishani ikapigwa michezo yote kumi. Kumi! Nikaamuru watoto wote waifute kwenye simu zao.

Hinda, nahodha wetu, akasema, "Mwalimu, hiyo ndiyo imenifundisha." Nikamfokea, abaayo. Eti asibishane na matokeo.

Akaenda kuichukua ile simu, akaiachia. "Mwalimu, inachoma!"

Walahi inachoma. Imekaa juani tangu asubuhi, na simu ikipata moto hivyo inafanya kazi polepole. Programu itafikiria saa ngapi?

Ikapozwa, tukabadilisha mahali. Bingwa wangu, ile programu ya mezani, akaenda juani dirishani. Akapigwa mara tatu mfululizo.

Yaani siku nzima nilikuwa napima jua la Garissa!

Na unajua kati ya watoto nani peke yake alikuwa hajaifuta ile ya dirishani? Hinda.