Chombo Namba Arubaini na Moja

Tunis, 6 Machi

Baba yangu mtukufu,

Asalaam aleikum. Nakubusu kichwa, nikitumaini barua hii itakukuta Nabuli ukiwa mzima na michungwa imeanza kuchanua. Mimi ni mzima, ila situlii. Shangazi Mahbuba ameniarifu kwamba unaona damu chooni tangu baridi ianze, na kwamba ulimfukuza daktari aliyetaja mrija wenye kamera.

Sitakulazimisha mrija. Unaifahamu mashine tunayoiunda hapa maabarani: vihisio thelathini na viwili vinavyonusa mvuke wa kinyesi na kuutambua utumbo uliovimba, pasipo kumgusa mgonjwa. Tarehe ishirini na nane nitaiwasilisha mbele ya jopo la chuo, nami nitakuwa mdogo kuliko wote watakaosimama. Naomba sampuli yako. Chombo na maelekezo nimempa dereva wa teksi ya Nabuli.

Binti yako mtiifu,
Emna

Nabuli, 10 Machi

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Huku wote wazima, hata mbuzi. Huyo Mahbuba mdomo wake hauna mlango. Nakujibu kwa barua maana simu yangu inasikilizwa na duka zima.

Yaani mtoto nimemsomesha miaka kumi na saba, leo ananiambia nimtumie mavi kwa teksi! Haya, yanakuja. Dereva nimemwambia ni pilipili ya kusaga, asifungue, itamchoma macho. Sharti moja: jina langu lisiandikwe popote. Mabibi harusi wa Nabuli wananukia marashi ya mkono wangu. Nisije nikajulikana kwa harufu nyingine.

Babako

Tunis, 15 Machi

Baba yangu mtukufu,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, na sasa nina sababu ya kutumaini. Kwa furaha nakuarifu kwamba chombo namba arubaini na moja, yaani wewe, hakikuonyesha dalili yoyote. Penye uvimbe mstari hupanda kama mlima, wako umelala. Profesa amesema hajawahi kuona majibu safi namna hii, na ameniagiza niyaweke ukurasa wa kwanza wa wasilisho langu.

Nahesabu siku kumi na tatu.

Binti yako mtiifu,
Emna

Nabuli, 21 Machi

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Alhamdulillahi! Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, nikiruka penye aibu. Mahbuba alikuwa kanibana hadi nikakubali kwenda kwa daktari Alhamisi. Nimeivunja hiyo ahadi. Damu bado ipo, jana ilizidi kidogo, lakini mashine ya mwanangu ikishasema, daktari ni nani abishe?

Wala sikukuaibisha mbele ya wakubwa zako. Kabla ya kukifunga kile chombo nilitia vijiko viwili vya maji ya maua ya mchungwa, yale ninayowawekea maharusi. Marehemu mama yako asingekubali kitu kama kile kiingie kwa watu bila marashi.

Babako

Tunis, 22 Machi

Baba,

Salamu zisubiri. Majibu yale si yako. Mashine ilinusa maua.

Nimewapigia wagonjwa wote wa Nabuli waliotuma vyombo. Kati ya kumi na wanane, kumi na mmoja walitia marashi kama wewe. Bibi mmoja aliongeza na udi. Maelekezo niliyaandika mimi. Nilikataza maji, mkojo na dawa. Maua sikuyakataza, kwa kuwa nyumbani kwetu marashi si kitu cha kutiwa, ni adabu. Mgeni angewaza kuuliza, mimi sikuwaza. Kosa ni langu, si la mashine wala lako.

Asubuhi nimemweleza Profesa, kisha nimefuta jina langu kwenye orodha ya tarehe ishirini na nane. Usinitumie kingine. Rudi kwa daktari. Nimekupigia mara tisa, Baba. Mbona hupokei?

Emna wako

Nabuli, 23 Machi

Emna, mwanangu,

Waaleikum salaam, ingawa hukunisalimu. Simu iko mezani, naitazama ikilia. Ningepokea, ungeisikia sauti yangu ilivyo.

Miaka arubaini napika maua. Kila nikiharibu mtungi nasema maua ya mwaka huu ni mabaya. Sijawahi kusema ni mimi. Wewe umesema kwa siku moja, tena mbele ya wakubwa.

Basi daktari kanipa Jumanne saa tatu asubuhi, mrija na kamera yake. Naogopa, nisikufiche. Mahbuba kasema nikipiga kelele atanijibu kwa vigelegele. Njoo. Usimame nje ya mlango, tusitazamane, lakini nisikie kikohozi chako.

Dereva anakuletea chombo kingine. Najua umekataa, lakini mashine yako nayo ijifunze. Hakina hata tone la kitu. Juu yake nimeandika jina langu mwenyewe, kwa wino usiofutika, na dereva kasoma. Usibandike namba.

Baba yako,
Munji bin Khmayes, mpika marashi, Nabuli