Trei ya Mzee Velji Haikuguswa

Mama Kashindye mpendwa, nakuandikia nikiwa sina mwingine wa kumwambia, na ninachokuomba hakiwezi kusubiri mwisho wa mwezi, ila ukiichapa barua hii gazetini tafadhali badilisha majina yetu, maana mume wangu ana kazi ya serikali na kazi siku hizi haziokotwi.

Mimi ni mke wa mtu, tunakaa Cheyo hapa Tabora, mimi na mume wangu Shilinde na binti yetu Minza wa miaka mitatu, pamoja na mama mkwe wangu, Mama Ng'washi, aliyehamia kwetu kutoka Nzega baada ya mvua kukataa na ng'ombe wake kwisha. Shilinde anafanya usafi kwenye uwanja wa ndege, ndege ikitua na abiria wakishashuka yeye ndiye anayepanda kufagia na kukusanya trei za chakula, na sheria yao inasema chakula kilichobaki, hata kama hakikuguswa, kichomwe moto kwenye shimo nyuma ya stoo, kisiende kwa mtu yeyote, wanasema ni kwa ajili ya magonjwa. Lakini mwaka huu unaujua mwenyewe, Mama Kashindye, unga wa njano tunaupangia foleni tangu alfajiri na mara nyingine tunarudi na kikapu kitupu, sasa mtu mwenye mtoto nyumbani atachomaje paja la kuku lililofungwa vizuri? Basi trei ambazo hazikuguswa Shilinde alikuwa anatuletea, si zote, moja mbili, na sisi tulikula na kumshukuru Mungu.

Sasa juzijuzi alileta moja yenye paja la kuku, mkate, siagi na kipande cha keki, nikampa Minza kuku na keki yote, sisi wakubwa tukagawana mkate. Jioni ya kesho yake tumekaa mkekani tunakula, Minza akajisogeza, akaacha nafasi kati yake na mlango, akabaki ameshika tonge mkononi, halipeleki mdomoni. Nikamwambia kula mwanangu, akanijibu, "Babu hajala." Nikamuuliza babu gani, maana babu yake mzaa baba alifariki hata mimi sijaolewa, na baba yangu yuko Igunga na ng'ombe wake. Akaendelea kuangalia ile nafasi. Nilidhani ni michezo ya watoto, lakini tangu jioni ile ni hivyo hivyo, anashika tonge mpaka linakauka mkononi, mchana nikimlazimisha anakula kidogo tu, na sasa mifupa ya mabega yake inahesabika.

Hapo ndipo Shilinde alipotoa lililokuwa moyoni. Alituambia trei ile ilikuwa ya Mzee Velji, yule mwenye duka la vitambaa Gongoni, ambaye alikuwa anarudi kutoka Dar es Salaam kwenye matibabu. Watu wote walishuka akabaki yeye dirishani, ameegemeza kichwa, Shilinde akamwambia, "Shikamoo mzee, tumefika," mzee kimya, kumgusa wa baridi. Trei ilikuwa mbele yake na kifuniko chake, na kiganja cha mzee kimelala juu ya kifuniko, ikabidi Shilinde auinue ule mkono ndipo aitoe. Baada ya maiti kushushwa aliikusanya pamoja na nyingine, akasema moyoni chakula ni chakula.

Mama mkwe wangu aliposikia alipiga kelele, "Mmekula posho ya marehemu!" Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka huku kwenda pwani enzi za misafara, na alimsimulia kwamba mwenzao akifia njiani posho yake ya siku ile haigawanywi, inawekwa kando ya njia pale alipoanguka, kwa sababu atakayeila, mwenye posho atafuatana naye mpaka nyumbani kwake. Akasema mkono ule ulikuwa unalinda chakula, kwa hiyo lazima tukirudishe. Basi kila jioni anaweka sahani pale karibu na mlango, ugali na dagaa, na siku tuliyopata nyama aliweka mnofu ulio bora. Asubuhi sahani iko vile vile. Mama Kashindye, hata sisimizi hawaisogelei, na sisimizi wa nyumba yetu wanakula mpaka sabuni. Nikikunja mkeka, pale pa nafasi pana joto, kama mtu ametoka kuinuka sasa hivi. Nilimuuliza Minza, babu anafanya nini tukimwekea sahani? Akanyoosha kiganja chake kidogo akakiweka juu ya sahani ile, akatulia hivyo.

Kinachonimaliza zaidi ni kwamba mimi nafanya kazi kwa Maniben, mjane wa huyo Mzee Velji, nachambua mchele wake na dengu zake tangu sijazaa, na Minza alipozaliwa vitambaa vya kumfunga vilitoka kwake. Tangu msiba, kila asubuhi anaweka wali na maziwa juu ya ukuta wa uani kwa ajili ya kunguru, kwa dini yao kunguru wakila ndiyo dalili kwamba marehemu ameridhika. Wanakuja, Mama Kashindye, wanajipanga ukutani, wanautazama ule wali, kisha wanaupa mgongo. Juzi akaniambia, "Hawataki, Mama Minza. Roho yake iko njiani bado, kuna kitu inataka, na mimi mke wake sijui ni kitu gani." Nikainamisha kichwa nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele, na aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona.

Mwana wa Maniben, Rasiklal, amekuja kumchukua mama yake, duka wanalifunga, mwisho wa mwezi wanahama moja kwa moja. Nikisema, naogopa Shilinde atafukuzwa kazi, naye Maniben hatataka kuniona tena; nisiposema wataondoka, mzee wao watatuachia sisi. Mama mkwe anataka tumchinjie mbuzi pale mlangoni, Shilinde anataka tuhame nyumba, na mimi namtazama mwanangu anakwisha. Nifanye nini?

Mama Minza, Cheyo

MAMA KASHINDYE ANAJIBU

Mama Minza, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliwasha taa ingawa jua lilikuwa bado liko juu. Pole sana. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, gazetini litatoka baadaye, na majina yatakuwa mengine.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtoto mpaka mifupa inaonekana, wewe unatafuta kalamu! Asubuhi ukiamka mbebe, nenda naye hospitali ya Kitete wampime damu, na usianze kumsimulia daktari habari za babu kabla hajampima. Ikiwa ni malaria atapata dawa, na tutakuwa tumemsingizia mzee wa watu. Ikiwa si malaria, basi rudi usome yanayofuata.

Kula mlikula, sitawapiga mawe kwa hilo. Lakini wewe na mama mkwe wako mna macho ya kutazama na si ya kuona. Umekaa jikoni kwa Maniben miaka yote hiyo. Umewahi kuona mfupa kwenye taka za nyumba ile? Hata ganda la yai? Watu wale hawali nyama, wewe unajua kuliko mimi. Mzee aliletewa trei, akafunua, akakutana na paja la kuku, akafunika. Mtu anayelinda chakula chake hukivuta kwake. Wewe ukiwa umeshiba na mwenyeji anataka kukuongeza, unafanyaje? Unaweka kiganja juu ya sahani. Mama Minza, yule mzee alikuwa anakataa.

Mgonjwa ametoka kwa madaktari, ana njaa njia nzima, na hakuna aliyemletea kitu anachoweza kukila. Chakula kile hakikuwa posho yake hata kidogo, kwa hiyo hamkumwibia. Alifuata tu nyumba ambayo kuna watu wanakula. Nanyi mnafanyaje? Kila jioni mnamsogezea dagaa. Anakataa kwa adabu, mnamletea nyama. Amekataa nyama, bibi yenu anataka kuchinja mbuzi! Yupo mmoja tu humo ndani mwenye adabu zake, naye ni Minza, mliyemfundisha wenyewe kwamba mtoto haanzi kula kabla ya mkubwa. Anafanya mlichomfundisha. Mnamwona mgonjwa.

Mbuzi mwacheni. Kuhama acheni pia, aliyekuja kwa ndege hashindwi kutembea kutoka Cheyo mpaka mtaa mwingine. Sahani ya dagaa isiwekwe tena. Mwambie Shilinde, kuanzia leo asilete nyumbani trei asiyojua kwa nini mwenyewe aliiacha.

Kisha nenda kwa Maniben, na usiende peke yako, nenda na mama mkwe wako, maana habari za msiba hupelekwa na mtu mzima. Mweleze yote, kuku na keki, na ile sahani ya kila jioni. Huenda akalia, huenda akakufukuza. Akikufukuza, kaa pale uani mpaka amalize kulia. Mwanamke aliyekufungia mtoto kwa vitambaa vyake hatakimbilia kwa wakubwa wa mumeo, yeye ana shida kubwa kuliko hiyo, anatafuta mume wake.

Halafu mwombe apike. Si wewe, wala si kwenye sufuria zako zilizopikiwa dagaa. Apike yeye, kile mzee alichokuwa akikipenda, aje nacho kwenu kabla hawajasafiri, akae pale kwenye mkeka penye joto, amwite kwa lugha yao. Ninyi wengine nyamazeni. Minza akipeleka tonge lake mdomoni, msishangilie, endeleeni kula kama watu waliokaa na mgeni. Habari za kunguru si zenu, wao wataona wenyewe asubuhi.

Najua kuna swali moja unaliogopa, nalo litakuja tu. Atakuuliza mume wake alikuwa wapi muda wote huu. Mtazame usoni, umwambie alikuwa kwenu, karibu na mlango, na kwamba hakuna jioni hata moja aliyokosa mtu wa kumsubiri ale.