Kobe Hana Neno Jipya

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijamdanganya mjomba wangu tena. Ninaandika kipindi cha katuni za kuchekesha, huu ni mwaka wake wa kumi na saba hewani, kinamhusu kobe mwenye nyumba ya kupangisha, na sauti ya kobe ni ya mjomba, aliyenileta studio nikiwa bado na meno ya utoto akanikalisha juu ya kreti la soda nimtazame akifanya kazi. Miaka ile kobe alianguka ngazini mara moja tu msimu mzima, tukacheka mpaka machozi, kwa sababu wapangaji walikuwa wamemsihi aitengeneze ngazi hiyo hiyo naye akawaambia wajifunze kuruka. Siku hizi anaanguka mara tatu kila wiki, wakati mwingine kabla hajaifikia ngazi, na anayemwangusha ni mimi, maana watazamaji wakikosa mwanguko wananung'unika, na wakiupata wanasema kipindi kimechuja.

Miezi mitatu iliyopita fundi wa sauti aligundua kwamba kila neno ninalompa kobe, kobe alishalisema. "Tumsumbue mzee wa nini? Yumo humu mzima," akasema, akiipapasa kompyuta. Tangu hapo tunaunganisha vipande vya zamani, "Nani huyo?" ya mwaka wa nne na "Mama yangu!" ya mwaka wa tisa, na hata bosi hakushtuka. Mjomba hajui. Kila asubuhi anasukutua maji ya chumvi, hasemi neno mpaka saa sita ili asiichoshe sauti, akitaka sukari anamwonyesha mkewe kwa vidole, kisha ananipigia: "Mpwa, mnaniita lini? Kobe amekuwa bubu?" Ninamjibu kwamba studio inapakwa rangi. Jana akauliza, "Mnapaka studio au mnapaka mbingu?"

Wiki ijayo vipindi hivyo vinaanza kuonyeshwa, naye hutazama na ukoo mzima. Nimefikiria kuacha kazi, lakini atakayekuja baada yangu atamwangusha mara nne. Nifanyeje?

Mwandishi wa Kobe

JIBU

Binti, rangi ya miezi mitatu! Uongo huo ungeutia kwenye katuni yako, ningezima televisheni.

Pole. Kukiona ulichokipenda kikichakaa mikononi mwako si jambo dogo. Lakini usitusingizie sisi watazamaji. Tulimcheka kobe kwa ukaidi wake. Ninyi mkautupa ukaidi mkabaki na mwanguko, kama mtu anayetupa ndizi akatafuna ganda. Kwa hiyo, mwaka wa kumi na saba si kosa. Uvivu ndio kosa, na wa kwako una shahada.

Nenda kwa mjomba wako leo, kabla televisheni haijakutangulia. Usiseme "studio imeamua." Sema, "Mimi niliandika, na niliandika yale yale." Atafoka. Mwache afoke, sauti ameitunza muda mrefu, na ana haki ya kuitumia. Wewe kaa kimya, usilie ili akuhurumie.

Kisha rudi mezani, usimwangushe kobe hata mara moja. Mpe mpangaji wa kugombana naye, mpe jambo la kuogopa. Huhitaji kuukoa msimu mzima. Mwandikie sentensi moja ambayo hajawahi kuisema, na mjomba wako itabidi aitwe.