Majani ya Ng'ombe na Raundi ya Tisa

Mwaka umetimia, Baba Jesse, tangu ulipotuacha, na katika ukoo huu hakuna anayezijua ngumi za uzito wa juu kunishinda mimi. Nimeona pambano moja tu, na raundi mbili za kwanza nilijifunika kitenge usoni.

Ulikuwa mtu mpole. Kilo mia na tano, lakini kuku akitagia kwenye kiti chako, ulikaa kwenye ndoo. Watoto hukuwahi kuwachapa. Ulisema mkono wako una kazi yake. Kanisani Mwika ulikaa mwisho wa benchi ili usiwabane wenzako.

Ila pumzi hukuwa nazo, na hili tuliseme. Nguvu za kumwangusha mtu ulikuwa nazo, lakini mtu huyo akikataa kuanguka mpaka raundi ya tano, unaanguka wewe kwa kuchoka. Mara tatu mfululizo ilikuwa hivyo. Vijana wa kwenye kilabu cha pombe ya mbege wakakubatiza Raundi Tano. Ndipo kocha Ebenezeri akaja nyumbani akasema limebaki pambano moja, raundi kumi, Moshi mjini, na Sirili wa Holili, mpakia mizigo wa mpakani. Ukishindwa na hilo, glavu anazichukua. Siku ile hukula. Mtori ukapoa mbele yako.

Kocha alitaka upande mlima na mzigo kila asubuhi. Ukamjibu kwamba wewe ni bondia, si punda.

Wiki ileile mgongo wangu ukaanza kuuma. Ng'ombe wawili zizini hawajui habari za mgongo, na majani yao yalitoka kule chini tambarare, mwendo wa saa mbili kupanda. Kazi ya wanawake, wote tunajua. Ulizunguka zizi mara nne, kisha ukachukua mundu.

Siku ya kwanza ulianza kwa mbio, ukaishia nusu ya njia, umelala juu ya mzigo. Jirani yetu Salvina alikupita na mzigo mkubwa kuliko wako, akakusalimia vizuri. Ukamweleza kwamba mkeo anaumwa mgongo. Basi pole zikaanza kuja. Salvina akaniletea dawa ya kuchua na mtori wa nyama. Mchungaji akanitaja kwenye maombi. Nikaitikia amina.

Ulibeba miezi minne. Mwezi wa pili ulikuwa umeshagundua kwamba ukianza kwa haraka, kile kilima cha mwisho kabla ya kanisa kinakumaliza. Ukawa unaanza taratibu, unapumua kwa pua, nguvu unazitunza kwa ajili ya kilima. Mwezi wa nne ulifika zizini unaimba.

Ukumbini Sirili alikuja kama lori lililokatika breki. Wewe ukamwegemea, ukampa kilo zako zote azibebe, ukamwacha apige mikono yako mpaka basi. Watu wakazomea, wakasema umekuja kucheza dansi. Raundi ya tano ilipofika, ukumbi mzima ukawa unaita, "Tano! Tano!" Ukapumua kwa pua. Ya sita ikapita. Ya saba mikono ya Sirili ikashuka kiunoni. Ya tisa ukampiga ngumi mbili tu, ya tumbo na ya shavu, naye akakaa chini kama mtu aliyefika kwake. Hakuinuka.

Mwamuzi alipokuinua mkono, ulinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma kabisa, juu ya benchi, nimembeba Jesse mabegani, naye alikuwa na miaka sita na mzito kama wewe. Nilikuwa naruka naye. Salvina, kando yangu, alikuwa ameacha kushangilia, ananiangalia mimi. Ukashuka ulingoni, ukaja taratibu, jicho moja limevimba.

"Mama Jesse," ukasema, "mgongo je?"

"Unauma," nikasema. "Nimejikaza tu."

Miaka yote iliyofuata uliniuliza, nami nilikujibu hivyohivyo. Majani uliendelea kubeba mpaka tulipouza ng'ombe.

Mwaka jana hospitalini, daktari alipotueleza kwamba pumzi zimebaki kidogo, ulizitumia vilevile, bila haraka, siku kumi na moja.

Tunaokukumbuka, na hatutaacha kukukumbuka, ni mkeo Eliaichi. Wanao Jesse, Loveness na Martin. Wajukuu wako wote. Kocha wako Ebenezeri. Na jirani yetu Salvina, ambaye juzi, akitusaidia kusafisha nyumba kwa ajili ya ibada yako, aliikuta chupa yake ya dawa ya kuchua nyuma ya kabati.

Haijawahi kufunguliwa.