Mkaaji wa Nyumba

Jumatatu, 3 Machi

Paulo,

Nimekamua. Nimefagia. Chai nimepika tena ya watu wawili. Yako nimeimwaga nje kwa hasira.

Kaka yako Tluway amekuja kabla umande haujakauka. Hakuketi.

"Shemeji, mwenye nyumba amekufa. Nyumba inarudi kwenye ukoo."

Nikamwambia kwetu Kakesio nyumba hujengwa na mwanamke, na ni yake. Akacheka.

"Basi rudi Kakesio ukakandike ya samadi."

Namchukia. Nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimekumbuka siku uliporudi kutoka Kreta, kule hifadhini kwa wanyama, na neno lako. Ulikuwa umemwendesha mgeni mmoja, mtalii, mwalimu mzee. Alikwambia kuwa husband, yaani mume, ni maneno mawili ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya yaliyounganishwa. La kwanza nyumba. La pili mkaaji, mtu mwenye makazi yake. Mambo ya ndoa yaliingia baadaye.

Tulikuwa tumeshahamia, madirisha bado. Nikakuuliza: wewe unalala kambini na wageni, mimi niko hapa na mtoto na ng'ombe. Mkaaji ni nani?

"Basi mume ni wewe, Mama Neema. Mimi mgeni. Nipe chai."

Ulicheka mpaka ukakohoa.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Tluway alikaa benchi la mbele, akaimba kwa sauti. Mimi sikuweza kuimba. Kikao cha ukoo Jumanne. Neema ameniuliza kama tutahama. Nikamtuma akalete kuni.

Jumanne, 11 Machi

Kikao. Wanaume kwenye viti, mimi kwenye gogo. Nikawaeleza lile neno, mkaaji. Kosa langu.

"Sasa Wazungu ndio watatugawia mirathi?" Tluway akasema. Wakacheka wote.

Jirani yetu Mama Boay hakucheka. Akasimama na kanga yake kiunoni.

"Udongo wa matofali aliukanyaga huyu, na mimba ya Neema tumboni. Maji nilibeba mimi. Paulo alikuwa kazini. Wewe Tluway tulikuona siku ya pilau."

Mzee mmoja akakohoa.

Wameamua. Nyumba nibaki nayo. Shamba wanachukua wao. Hakuna aliyeuliza tutakula nini. Na walitaka niseme asante. Nikasema.

Jumatano, 12 Machi

Ukungu umeshuka kutoka msituni. Tluway ameanza kulima. Namsikia akiwafokea ng'ombe kule chini, lakini simwoni.

Neema ameenda shule. Nimejilaza upande wako wa kitanda. Koti lako la kazini bado lina vumbi la barabara ya geti la hifadhi. Sijalifua.

Sauti yako imeanza kunipotea, Paulo. Huko uliko, unikumbuke.