Radhi Aliyoomba Golikipa

Al Khoudh, Maskati
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwako dada yangu Kawthar,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute mzima, kikohozi kimekwisha, na hiyo baridi ya Dublin imeanza kukuzoea kama wewe ulivyojitahidi kuizoea. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama bado analalamikia foleni ya asubuhi ya kwenda kazini Ghubra. Mdogo wetu Jaifar ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kabisa kucheka mbele ya watu. Babu anakula, anasali, anagombana na daktari wa macho. Uzima wa babu nautaja kwa makusudi, na mbele utaona kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono katika zama hizi. Nampa Sinan, mtoto wa ami Salem, anayerudi chuoni huko kwenu keshokutwa. Simu yangu mama huishika akitaka, na kukwambia kwa mdomo nisingeweza. Wanijua.

Wakati unaondoka Septemba uliniachia kazi ya kuiandikia klabu ya ujana wa babu, Kilbrannoch Rovers ya kule Scotland, tuulize habari zake. Ulisema wewe utakuwa na maiti zako za kusomea udaktari, na Kiingereza changu cha kuandika ni kizuri kuliko chako. Nilifurahi sana, sikukwambia tu. Bwana Geddes, yule mzee anayekusanya habari za wachezaji wa zamani wa klabu, alinijibu siku ya pili yake. Alisema katika magazeti ya mwaka 1963 ameona mechi tatu za winga wa kushoto asiyetajwa jina, na kwamba huenda ndiye babu.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo babu hakuwahi kutueleza vizuri. Zama zile kijana anayejaribiwa hakuandikwa jina gazetini, ili klabu nyingine isije ikamnyemelea. Aliandikwa tu kuwa ni Mchezaji wa Majaribio. Kwa hivyo lile goli la babu tulilolila pamoja na wali tangu tuko wadogo, goli lile lipo kweli, Kawthar, dakika ya sabini na moja, lakini halina mwenyewe.

Babu alipolisikia hilo akasema basi na waandike sasa, maana hakuna tena wa kumnyemelea.

Tukawa kila baada ya Alasiri mimi na yeye tunafungua ukurasa wa klabu. Kila mchezaji ana habari zake: alicheza miaka mingapi, kisha akaishia wapi. Nilikuwa namsomea kwa Kiswahili, mdomo kwenye sikio lake la kulia, lile linalosikia. Beki mmoja aliuzwa Uingereza, akavunjika goti mechi ya pili, akafungua bucha. Mwengine akawa kasisi. Mwengine alihamia Kanada na hakuandika tena hata kadi. Babu akiwajua baadhi yao. Kuhusu yule wa bucha alisema kazi hiyo alikuwa akiifanya tangu uwanjani, ila tu kwa miguu ya watu. Ikifika zamu ya wale waliokufa husema inna lillahi, hata kama ni kasisi, kisha huniuliza, "Na mimi, mke wangu, wataniandika nimeishia wapi?"

Nilimwambia wataandika: mhandisi wa umeme, Maskati. Alitaka waongeze kwamba taa za barabarani za kwanza za Sib alizisimamia yeye.

Kuna jambo moja tu babu alitaka kulijua kutoka kwao, nalo alikuwa haliulizi wazi. Walikuwa vijana wawili wanajaribiwa msimu ule. Mwengine akachukuliwa, yeye akaambiwa ahsante. Baada ya miezi michache kwetu Unguja kukageuka, na maisha yakampeleka kwengine. Lakini miaka sitini anajiuliza alikosea nini. Wewe umewahi kumsikia, akiwa peke yake barazani, anasema labda ule mpira wa kichwa.

Mwezi wa Novemba Bwana Geddes akaomba simu ya video. Alitaka babu azungumze na wanachama ukumbini mwao, Jumamosi kabla ya mechi, watu kama themanini, na mimi nikae pembeni nimrudilie babu maswali sikioni kisha nitoe majibu yake kwa Kiingereza, maana sikio lake haliwezi simu. Kawthar, nilisoma ujumbe ule nikaizima simu. Hukuwepo siku nilipopewa kusoma mbele ya shule mwezi wa Oktoba. Sauti ilikatika katikati ya mstari, nikasimama tu, na wasichana wa safu ya mbele wakaanza kunikoholea. Sijui kama mama alijua. Mimi tangu siku ile darasani nikiulizwa huinamisha kichwa.

Nikamwambia Bwana Geddes babu ana mafua. Akasema pole, tungoje wiki mbili. Nikamwambia babu amesafiri. Akasema hapana neno, watasubiri hadi atakaporudi, na golikipa wao wa zamani, Bwana Sproat, ambaye alicheza na babu mechi zote tatu, amesema atakuja na kiti chake cha magurudumu kumwona babu uso kwa uso.

Nikamwandikia kwamba babu yangu amefariki.

Kwa Kiingereza yalikuwa maneno manne. Niliyaandika haraka na yalikuwa mepesi, kama jibu la mtihani. Kwa Kiswahili mkono wangu usingekubali, wala kwa Kiarabu. Nilipobonyeza, babu alikuwa chumba cha pili anamwita Jaifar amletee kandambili zake.

Sitaki unihurumie hapa. Najua bibi angeniambia huo ni uchuro, kumtabiria mtu kifo chake, nami sikumtabiria tu, nilimzika. Siku tatu nilikuwa naamka alfajiri kwenda kusikiliza mlangoni kama anapumua.

Bwana Geddes alileta rambirambi ndefu. Mwanzoni mwa Desemba wakaweka habari za babu kwenye ukurasa, jina lake kamili, Marhoon bin Saeed, mechi tatu, goli moja, mhandisi wa umeme, taa za Sib pia, na mwisho wake kwamba amefariki Maskati. Wakasimama kimya dakika moja uwanjani. Goli limepata mwenyewe, dada, na mwenyewe nikawa siwezi kumwonesha. Kila Alasiri aliniuliza kama wamejibu. Nikasema bado. Akasema watu wa kule wana pole zao, tuwape muda.

Tarehe nne Januari Bwana Geddes akaniletea picha ya barua iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka. Ilikuwa ya Sproat. Alisema anaandika kwa familia kwa sababu amechelewa kumwandikia mwenyewe. Alisema mwaka ule kocha alimwita faraghani akamuuliza kati ya vijana wawili yupi bora, na yeye akamtaja yule mwengine, kwa kuwa alikuwa mtoto wa shangazi yake. Babu alikuwa bora, alisema, na kila mtu uwanjani alijua. Alisema amezeeka na jambo hilo halimtoki, na kwa kuwa mwenyewe hayupo tena, anamwomba mjukuu aliyeandika yale amsamehe badala yake.

Mimi! Niliichapa barua ile, nikakaa nayo siku ishirini na tatu. Jibu alilolisubiri babu miaka sitini lilikuwa kwenye mkoba wangu wa shule, na radhi niliyoombwa nisingeweza kuitoa, maana haikuwa yangu. Na kumpa babu ile barua ni lazima kwanza nimwambie kwa nini hakuandikiwa yeye.

Jumatatu iliyopita mama alichelewa Ghubra. Babu alikuwa na kahawa yake sebuleni. Nikakaa upande wa kulia nikamwambia, pole pole. Hakusikia. Nikasema tena. Akauliza, "Nani kafa?"

"Wewe, babu."

Ilinibidi niseme kwa sauti kubwa, mpaka Jaifar akatokeza kichwa mlangoni. Nikaeleza yote, simu ya video, mafua, safari, yale maneno manne. Babu akaweka kikombe chini. Sikuthubutu kumtazama. Baadaye akauliza kama walisimama kweli dakika nzima, kwenye baridi ile, nikasema ndiyo. Akasema mwaka ule hawakumsimamia hata nusu. Kisha akanambia nisome barua ya Sproat, nikaisoma, akataka niisome tena.

Nilidhani atakasirika. Akasema, "Basi haukuwa ule mpira wa kichwa." Akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akacheka. Alisema lau ingekuwa Unguja, na kocha kamuuliza yeye, angemtaja mtoto wa ami yake hata kama hana miguu. Kisha akanikamata mkono, akasema nimpigie Geddes sasa hivi, nimwambie Sproat kwamba Marhoon yu hai na amemsamehe duniani na akhera, na mtu wa umri ule haachwi na jambo kama hilo hata usiku mmoja.

Nikapiga. Mimi, Kawthar, nilipiga simu na nikazungumza, na sauti haikukatika. Nikamwambia Bwana Geddes nilisema uongo, babu yu hai, yuko mbele yangu. Hakunigombeza. Akasema anafurahi sana kwa ajili ya babu, lakini Bwana Sproat alifariki siku tisa zilizopita, na wameshamzika.

Hesabu mwenyewe. Barua yake nilikuwa nayo wiki mbili wakati yeye anapumua.

Na sasa nifikie lile hasa lililonifanya niandike. Babu alikuwa ananitazama mdomo muda wote wa simu, yeye hasikii simu, na nilipokata akauliza, "Kasemaje?" Alikuwa ameinuka nusu kitini, uso wake kama wa Jaifar siku ya Idi. Nikamwambia kasema atamfikishia leo hii.

Nilikuwa nimeungama uongo mmoja, na kabla kahawa haijapoa nikasema mwengine. Kwanza nilimzika aliye hai, sasa namweka hai aliyezikwa.

Tangu siku ile babu amekuwa mtu mwengine. Anaimba akioga. Jana alimtuma mama Sib akanunue halwa, na lubani ya Dhofar, iliyo bora, kwa ajili ya rafiki yake Sproat. Anasema Dublin na Scotland ni karibu, kama hapa na Nizwa, na Ijumaa, kama kawaida yake, atakaa na simu ya mama akuone usoni, mama akimrudilia maneno yako sikioni, akwambie likizo yako ijayo uende ukamsalimie mzee yule kwa niaba yake. Ndiyo maana nilitaka barua hii ikutangulie. Ningekuacha uikute habari hiyo kwenye simu, ungesema kwa furaha ndiyo babu, nitakwenda, na uongo wangu ungekuwa wako pia.

Nimekusudia kumwambia kabla ya Ijumaa. Nilikusudia pia jana na juzi. Akikutajia halwa na lubani, basi jua nimeshindwa tena. Ikiwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Tangu utoto wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea, kwa mwalimu, kwa mwenye duka, kwa mama. Hili usinisemee, dada. Mwambie tu kwamba Ruqaya ana neno la kumwambia, kisha ukate simu, uniache naye.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi mbili. Jaifar anakusalimu kwa mdomo uliofungwa. Kheiria wa jirani ameposwa, mama atakueleza mwenyewe. Babu anakusalimu sana, sana. Nisamehe kwa kazi uliyoniachia, na uniombee kwa Mwenyezi Mungu nipate ulimi.

Mdogo wako,
Ruqaya