Mnazi Uliopandwa Juu ya Kitovu Chako

London, Jumapili

Kwa Bibi yangu mpenzi, Mwanakhamis binti Feruzi,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, nikiomba barua hii ikukute goti limetulia na usingizi unapatikana. Mimi mzima, baridi imeniingia kifuani lakini haijanishinda. Mama, wewe unayemsomea Bibi, nakusihi usiruke neno, hata pale utakapotamani kuruka.

Bibi, hapa ipo nyumba yanamohifadhiwa makaratasi ya kale ya utawala wa Waingereza. Nilikwenda kutafuta habari za watu walioachwa huru Unguja: walioambiwa si watumwa tena, kisha wakabaki juu ya ardhi ya mabwana wale wale, wakilima kwa hisani na kufukuzwa kwa neno moja. Nilikuwa nikitafuta habari za umma mzima. Nikamkuta baba yako.

Tuliambiwa alikufa kwa homa. Jalada lasema vingine. Ulipozaliwa, mtoto wake wa kwanza kuzaliwa huru, alizika kitovu chako nyuma ya kibanda na juu yake akapanda mnazi. Waijua desturi ya mashamba yale: asiye na ardhi hupanda muhogo na viazi; apandaye mti wa kudumu huhesabiwa anadai ardhi. Watu wa bwana wake wa zamani wakamwamuru aung'oe. Akakataa. Wakampiga magongo mpaka akafa, na mche wakaung'oa wenyewe. Mahakama ikaamua kwamba ugomvi aliuanzisha yeye, kwa kuiba ardhi. Hakuna aliyefungwa hata siku moja.

Mama yako alisimama mbele ya hakimu. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, nami nakurudishia kwa lugha yake: "Sikuja kudai mti. Mume wangu ameuawa, na nyinyi mnamwandika mwizi."

Serikali ilipokupa eka tatu baada ya Mapinduzi, tulikucheka kwa kuzijaza muhogo mtupu. Ukatujibu tu kwamba mama yako alikukataza kupanda miti. Nisamehe kicheko kile.

Na nisamehe kubwa zaidi. Mwezi uliopita nilipanda jukwaani kwenye mkutano wa wanafunzi nikayasema yote haya. Nikawauliza: ni uhuru gani huu, uliotolewa kwa karatasi na kunyang'anywa kwa gongo? Ukumbi ukasimama. Mhariri wa jarida letu akataka kuichapisha hotuba, pamoja na jina la Feruzi.

Nilitoka pale nimejaa maneno, wala sina wa kumwambia kwa Kiswahili. Nikapanda treni hadi Rayners Lane, dukani kwa Jayanti, Mhindi wa kwetu aliyeacha duka lake Darajani wakati wa Mapinduzi, ambaye hotuba zangu humwita bepari.

"Mwanafunzi, leo umekuja kununua au kuhutubia?" akaniuliza.

Nikamsimulia. Alisikiliza huku akimpimia mteja mchele, kisha akasema, "Bibi yako anajua?"

Ukumbi mzima wa wageni ulijua alivyokufa baba yako, na wewe hujui. Tangu siku ile chumba changu kimekuwa kipana mno, na sauti yangu mwenyewe inanichosha.

Nimemwambia mhariri asubiri. Sikufichi, nataka dunia nzima isome. Damu bado inanichemka. Lakini jina ni la baba yako. Ukiridhia, litachapwa kwa herufi kubwa. Ukikataa, nitaichana hotuba na kunyamaza, jambo ambalo Mama anajua sijapata kuliweza.

Mnisalimie Mjomba seremala, shangazi yangu wa Makunduchi, na jirani anayekuchotea maji. Lia kwanza, Bibi. Jibu sina haraka nalo.

Mjukuu wako, aliyesema kabla ya kukuuliza,
Saidi